Kupiga benchi bila kuharibu bega: mwongozo kwa jimu za mtaani Mtwara na Lindi

Kuanzia Oktoba, korosho zikianza kuingia maghalani, kuna vijana Mtwara na Masasi wanaobeba magunia kutwa nzima na jioni wanakwenda kupiga benchi, yaani kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma chenye uzito juu ya kifua. Bega likianza kuuma wanalaumu benchi. Nimeona watu wenye nguvu za kutosha wakiacha mazoezi kabisa kwa sababu hiyo, na ukiwatazama wakisukuma unaona jambo lilelile: kilo zimetangulia, bega linaburutwa nyuma. Mwongozo huu unageuza mpangilio. Tunaanza na bega, kinafuata kifua, kilo zinakuja mwisho. Anayefuata mpangilio huo hujaza kifua vizuri kuliko anayekimbilia makopo makubwa ya zege, kwa sababu ndogo tu kwamba hakatizi mazoezi kila baada ya miezi miwili akiuguza bega.

Kwanza tuelewane kuhusu mwili. Msuli mkubwa wa kifua unaanzia kwenye mtulinga (mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani), kwenye mfupa wa kidari na kwenye mbavu, unakusanyika karibu na kwapa na kujishikiza sehemu ya juu ya mfupa wa mkono. Kazi yake ni kuuleta mkono mbele ya mwili. Kwa hiyo kila kilo unayosukuma inapitia kwenye fundo la bega, yaani kiungo chake, na fundo hilo limeumbwa lizunguke kuliko kubeba. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kikalio chake kwenye kombe la bega (mfupa bapa wa nyuma ya bega) ni kidogo na hakina kina, kama embe bolibo juu ya kisosi. Kinachokizuia kisiteleze ni misuli minne midogo inayolizunguka fundo pamoja na kano zake. Kano mojawapo inapita katika upenyo mwembamba chini ya ncha ya juu ya kombe la bega. Ukitanua viwiko mpaka vikawa sawa na mabega, na kombe ukaliacha likielea, upenyo ule unabana na kano inasuguliwa. Siku ya kwanza husikii kitu. Wiki ya sita unashindwa kuvaa shati.

Benchi, bomba na makopo ya zege

Jimu nyingi za mtaani zimejengwa na wenyewe: benchi la mbao, nguzo mbili zilizochomelewa na fundi, bomba la maji, na makopo yaliyojazwa zege. Hakuna ubaya wowote. Msuli haujui kama uzito umetoka kiwandani au umemwagwa uani. Ila kuna vipimo ambavyo ukivikosa, hata mbinu nzuri haitakusaidia.

Shirikisho la kimataifa la mchezo wa kunyanyua kwa nguvu, IPF, linataka benchi lenye upana wa sm 29 hadi 32, kimo cha sm 42 hadi 45, na urefu usiopungua m 1.22. Mpe fundi seremala vipimo hivyo. Benchi likiwa jembamba kuliko hapo, makombe ya mabega yananing'inia hewani na huwezi kuyafunga. Likiwa pana mno, mikono inagonga ubao kabla chuma hakijafika kifuani. Kuhusu kimo, nyayo zako lazima zikae chini zote, kisigino na vidole. Mtu mfupi aweke tofali moja chini ya kila mguu, na asione haya. Mbao ngumu kama mninga au mkongo inafaa kwa miguu ya benchi. Juu weka godoro jembamba lililobanwa sana, maana sponji laini inameza mabega.

Nguzo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Zikikaribiana, ukitoa uzito wote wa upande mmoja bomba linabinuka na kuangukia upande wa pili, na hapo kuna kichwa cha mtu. Zikae mbali kiasi kwamba viganja vyako viwe ndani yake bila kugusa chuma, na hata hivyo toa uzito kidogo kushoto, kidogo kulia. Kimo cha nguzo kipime ukiwa umelala: nyoosha mikono, kisha vikalio vya nguzo, pale chuma kinapokaa, viwe chini ya hapo kwa upana wa kiganja hivi. Vikiwa juu zaidi utalazimika kuyasukuma mabega mbele ili ukifikie chuma, na utakuwa umeshapoteza nusu ya kazi kabla hujaanza.

Bomba sasa. Bomba la inchi 1 la maji lina unene wa nje wa karibu mm 34. Ni nene kidogo kuliko chuma cha kiwandani, ambacho kina mm 28 au 29, lakini linashikika. La inchi moja na nusu linafika mm 48, na kwa mikono mingi hilo haliwezi kuzungushiwa dole gumba sawasawa, liache. Nondo ya mm 25 ina uzito wa karibu kg 3.85 kwa kila mita na haipindi upesi, ila mistari yake inachuna viganja, hivyo pazungushie tyubu ya baiskeli pale unaposhika. Ukiona bomba linapinda katikati likiwa limekaa tu kwenye nguzo, uzito huo si wake.

Kuhusu makopo, watu wanadanganyana sana. Zege lenye kokoto lina takriban kg 2.4 kwa lita. Kopo la rangi la lita 4 likijaa linatoa kg 9 na nusu hivi. Ndoo ya lita 10 inatoa kg 24. Lakini aliyeweka mchanga na saruji bila kokoto atapata pungufu, na aliyejaza hadi ukingoni atapata zaidi ya mwenzake aliyeacha vidole viwili. Makopo mawili yaliyomwagwa siku moja na fundi mmoja yanaweza kupishana kilo nzima. Yapeleke kwenye mizani ya dukani, andika uzito kwa rangi, na kama hayalingani saga moja au ongeza zege kwenye jingine. Upande mmoja ukiwa mzito, bega la upande huo linabeba zaidi kila siku na halitakuambia mpaka limechoka. Ukitumia gia za lori au flaiwili kutoka gereji, kanuni ni ileile: pima.

Jambo la mwisho kuhusu vifaa ni chumvi ya bahari. Kuanzia Mikindani mpaka Kilwa chuma kinakula kutu upesi. Futa bomba kwa kitambaa chenye mafuta kidogo mkimaliza, na likaushe kabisa kabla ya kulishika kesho yake.

Kupasha bega moto

Dakika tano au kumi zinatosha. Tembea haraka au ruka kamba mpaka mwili upate joto, jambo ambalo kwa hali ya hewa ya Lindi mwezi Desemba halichukui muda. Kisha chukua tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa ikawa mkanda. Ishike kwa mikono miwili mbele ya kifua, ivute kwenda pande zote mbili mpaka iguse kidari, mara 15. Halafu funga ncha moja kwenye nguzo, bana kiwiko ubavuni kikiwa kimekunjwa, na uzungushe kigasha (mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja) kwenda nje taratibu, mara 12 kila mkono. Zoezi hili la pili linaamsha ile misuli midogo ya kuzunguka fundo. Usilifanye mpaka uchoke; misuli iliyochoka haiwezi kulinda.

Baada ya hapo, pushapu kumi na bomba tupu mara kumi. Kama utasukuma kg 50 leo, usiruke kutoka bomba tupu hadi 50. Pita kwenye 25 mara sita, 40 mara tatu, ndipo uanze seti za kweli (seti ni fungu la marudio unayofanya mfululizo bila kupumzika). Aliyebeba magunia mchana asidhani ameshapata moto: amechoka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Siku hiyo apunguze uzito au aahirishe kabisa.

Kulala na kufunga mabega

Hapa ndipo mwongozo mzima ulipo, kwa hiyo soma polepole.

Lala chali macho yakiwa chini ya chuma, wima kabisa. Ukilala juu zaidi chuma kitagonga nguzo wakati wa kupanda. Ukilala chini zaidi utakivuta mbali kama mtu anayetoa sufuria kwenye kabati la juu, na bega litafunguka.

Sasa mabega. Vuta makombe mawili nyuma yakaribiane, halafu yashushe kuelekea mifuko ya nyuma ya suruali. Nyuma, kisha chini. Wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili, wakabaki mabega yamepanda masikioni. Kipimo chake ni hiki: mwenzako akipitisha kiganja chini ya shingo yako apate nafasi, na wewe usikie uzito wa mwili umekaa juu ya makombe mawili, si katikati ya mgongo. Kifua kitainuka chenyewe. Kiuno nacho kitapata upinde mdogo, na huo ni sawa; ni upinde wa kawaida wa uti wa mgongo, si ule wa kujikunja ili kupunguza safari ya chuma. Makalio yabaki kwenye benchi muda wote.

Faida ni mbili kwa mpigo. Kwanza, kombe lililotulia linampa mkono kikalio imara, na ule upenyo wa kano unabaki wazi. Pili, kifua kikiwa kimeinuka, nyuzi zake zinanyooshwa vizuri chuma kinaposhuka, na mnyoosho huo chini ya uzito ni sehemu kubwa ya kinachokuza msuli. Anayelaza mabega mbele anasukuma kwa bega la mbele na mikono, halafu analalamika kwamba anapiga benchi mwaka mzima mikono inakua na kifua kimebaki bapa.

Kama huwezi kushika mkao huu kwa seti nzima na bomba tupu, huna sababu ya kuongeza kopo. Fanya mazoezi ya mkao wenyewe. Lala, funga, hesabu hadi ishirini, legeza, rudia.

Miguu ikae chini, magoti yakiwa mbele kidogo au sawa na vifundo, nyayo zikikandamiza sakafu kama vile unataka kujisogeza kuelekea kichwani, ila benchi halikuruhusu. Kuna wanaoinua miguu hewani wakisema inaongeza ugumu. Inaongeza kuyumba tu.

Mikono

Kiganja kishike bomba likae chini, karibu na kifundo cha mkono, juu ya mfupa wa kigasha. Likikaa karibu na vidole, kifundo kinapinda nyuma na kinauma kabla kifua hakijachoka. Dole gumba lizunguke bomba. Mtindo wa kuliweka gumba upande mmoja na vidole vingine unapendwa na baadhi ya mabaunsa, na siku ya jasho bomba linateleza moja kwa moja kwenye kidari au shingo. Kwa joto letu, ambapo hata Juni unatoka jasho ukisubiri zamu, hilo siliruhusu kwa mtu yeyote nikiwepo. Futa viganja kwa taulo kila kabla ya seti.

Upana wa kushika usiupime kwa macho ya mtu mwingine. Shusha bomba tupu hadi kifuani na mwenzako asimame upande wa miguu akutazame: vigasha viwe wima, vifundo vikae juu ya viwiko. Vigasha vikiinamia nje, umeshika pana. Vikiinamia ndani, umeshika jembamba. Kwa watu wengi inatoka mara moja na nusu ya upana wa mabega. Ukishapata mahali pako, funga kipande cha tyubu au paka rangi pande zote mbili, kwa kipimo sawa kutoka katikati ya bomba. Anayeshika pana sana anapunguza safari ya chuma na kuongeza mzigo kwenye fundo. Kama bega lako lilishawahi kuumia, sogea ndani kidole kimoja au viwili.

Kutoa, kushusha, kusukuma

Vuta pumzi, bana tumbo, na uombe msaidizi akutolee chuma kwa hesabu mliyokubaliana. Moja, mbili, toa. Asikirushe juu, akitelezeshe mpaka kikae juu ya mabega yako, mikono imenyooka, makombe bado yamefungwa. Subiri kitulie.

Shusha kwa sekunde mbili hivi. Chuma hakishuki wima. Kinaanzia juu ya fundo la bega na kutua chini kidogo ya chuchu, sehemu ya chini ya kidari, kwa hiyo njia yake ni ya mshazari. Anayeshusha wima kutoka pale juu atatua karibu na mitulinga, na viwiko vitalazimika kutanuka. Viwiko vyako viwe katikati: visibane mbavu, visisimame sawa na mabega. Ukitazamwa kutoka juu, mkono na ubavu vifanye pembe ya kati ya nyuzi 45 na 70. Mtu wa mikono mirefu atakuwa karibu na 45, mwenye kifua kipana na mikono mifupi anaweza kufika 70.

Chuma kiguse fulana, kisidunde. Kukidundisha kwenye mbavu kunaonekana kama nguvu kwa mbali, lakini pale chini ndipo kifua kinafanya kazi kubwa, na wewe umeiacha ifanywe na mbavu. Katika seti nyepesi simamisha chuma kifuani kwa sekunde moja kamili. Kwenye nusu seti za kushuka hadi nusu ya njia na kupanda, sina la kusema zaidi ya kwamba zinakuza hesabu.

Kusukuma: kandamiza nyayo, sukuma chuma juu na nyuma kidogo kuelekea usawa wa macho, kirudi kwenye njia ileile ya mshazari mpaka kikae tena juu ya bega. Pumua nje ukishapita sehemu ngumu. Mwisho wa kusukuma nyoosha viwiko, lakini usiyafuatishe mabega. Watu wengi hupoteza mkao hapa juu, bila kujua: wanasukuma sentimita tatu za ziada kwa kuyainua mabega kutoka kwenye benchi, na marudio yanayofuata yanaanza bega likiwa wazi. Kama mkao umekutoka, tulia hapo juu ukiwa umenyoosha mikono, funga upya, endelea.

Kubana pumzi kunapandisha presha ya damu kwa muda mfupi. Mwenye ugonjwa wa presha azungumze na daktari kwanza, atumie uzito mwepesi na apumue nje kila anaposukuma bila kubana.

Kurudisha chuma, kisukume hadi kiguse nguzo zote mbili kwanza, ndipo ukishushe kwenye vikalio. Anayelenga vikalio moja kwa moja siku moja atakosa kimoja.

Ukikwama

Msaidizi mzuri anasimama nyuma ya kichwa chako, mikono karibu na bomba bila kuligusa. Anaingia pale tu chuma kinapoacha kupanda, au unaposema "shika". Yule anayeweka vidole tangu marudio ya kwanza huku akipiga kelele "wewe, wewe, wewe" anafanya mazoezi ya mgongo wake, na wewe hutajua kamwe nguvu zako ni kilo ngapi.

Ukiwa peke yako na una sahani za uzito zinazotoka kwenye chuma, usifunge vizuizi vya pembeni. Ukikwama unainamisha upande mmoja, sahani zinaanguka, kisha wa pili. Lakini makopo ya zege yamekwama kwenye bomba, hayatoki. Hilo ni tatizo kubwa la jimu za uani na halizungumzwi. Kwa vyuma vya namna hiyo, usisukume peke yako uzito unaokukaribia mwisho wa nguvu zako, nukta. Kama huna mtu, lala chini kwenye mkeka na usukumie hapo. Viwiko vitagusa sakafu kabla bega halijafunguka sana, mzigo kwa fundo unapungua, na ukikwama viwiko vinapumzika chini. Safari ni fupi, kifua kinapata mnyoosho mdogo, lakini kwa mtu aliye peke yake au anayetoka kwenye maumivu ni zoezi zuri sana. Hapo pia utahitaji mtu wa kukupa chuma, au makopo mapana yanayoinua bomba juu ya kifua ukiwa umelala.

Kilo ngapi, mara ngapi

Anayeanza apige benchi mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi. Seti tatu za mara nane. Uzito uwe ule ambao ukimaliza ya nane unajua ungeweza mbili zaidi kwa mkao uleule. Bomba la inchi 1 lenye urefu wa m 1.8 pamoja na makopo mawili ya lita 4 linakaa kwenye kg 23 hadi 24, na kwa vijana wengi wa kiume hapo panafaa kuanzia. Dada anaweza kuanza na bomba lenyewe au dambeli mbili za kilo tano. Mbinu haibadiliki kwa jinsia, na wanaomwogopesha dada kwamba kifua kitageuka cha baunsa hawajui inachukua miaka mingapi kukipata hata kwa anayekitafuta.

Ukifika mara kumi katika seti zote tatu, ongeza kg 2.5 kwa jumla. Kwa makopo hii ni kazi, kwa sababu hatua kutoka kopo la lita 4 hadi ndoo ya lita 10 ni kubwa mno. Ndipo mabega mengi yanapoharibikia. Tengeneza vijalizo: chupa za nusu lita zilizoshindiliwa mchanga mkavu, kila moja inakaribia gramu 800, zikafungwa kwa tyubu barabara kwenye bomba, idadi sawa kila upande, zisining'inie. Pima na hizo.

Baada ya miezi michache, seti za kifua kwa wiki zifike kumi au zaidi kidogo, zikijumuisha pushapu na dambeli. Anayetaka sehemu ya juu ya kifua, ile iliyo chini ya mtulinga, ainue upande wa kichwa wa benchi lisilo na nguzo kwa matofali mawili ya inchi sita yaliyopangwa juu kwa juu. Kwa benchi la m 1.2 hiyo ni karibu nyuzi 15, na inatosha kabisa. Tumia dambeli hapo. Benchi lenye nguzo usiliinue kamwe, maana nguzo zitaegemea na chuma kitateleza.

Na kuvuta. Kwa kila seti ya kusukuma, fanya seti moja ya kuvuta: inama, mgongo umenyooka, vuta chuma hadi tumboni, au jivute kwenye tawi la mwembe. Misuli inayofunga makombe ya mabega inajengwa huko. Mtu asiyevuta anaomba mgongo dhaifu umshikie kifua chenye nguvu, na mabega yake yanaanza kuinamia mbele hata akiwa amesimama stendi anasubiri basi.

Chakula sitakaa nacho. Samaki, dagaa, mayai, kunde, mbaazi na karanga vipo sokoni. Ugali wa muhogo pekee haujengi msuli. Wakati wa Ramadhani wengi wanaona nafuu kufanya baada ya futari na tarawehe. Punguza seti kwa nusu, weka uzito palepale au chini kidogo, na usijaribu rekodi.

Bega likianza kusema

Uchovu wa msuli unakaa katikati ya kifua au nyuma ya mkono, unakuja kesho yake, unaondoka ndani ya siku mbili tatu. Huo uache. Maumivu makali ya nukta moja mbele ya bega, au juu kabisa pale mtulinga unapokutana na kombe, si uchovu. Yale ya juu ya mtulinga yanajulikana sana kwa wanyanyua vyuma, kwa sababu ncha ya mfupa ule inakandamizwa mara kwa mara mpaka inaanza kulika. Ukiyasikia, fanya hivi kwa wiki mbili: sogeza mikono ndani, punguza uzito kwa nusu, na weka taulo lililokunjwa nene kifuani ili chuma kisishuke hadi mwisho. Au hamia sakafuni. Endelea kuvuta kama hakuumi.

Usimeze vidonge vya maumivu ili uweze kusukuma. Kidonge kinanyamazisha kengele, bega linaendelea kusagika.

Wiki mbili zikipita bila nafuu, au ukiwa unashindwa kulalia upande huo usiku, au mkono unakufa ganzi au umeishiwa nguvu, nenda hospitali: Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi. Na kuna jambo moja lisilosubiri wiki mbili. Ukiwa unashusha uzito mkubwa na ukasikia kitu kimekatika karibu na kwapa, kisha sehemu hiyo ikavilia damu na umbo la kifua likabadilika, huenda kano ya msuli wa kifua imechanika. Usiende kuchuliwa, usikubali mtu akuvute mkono. Funga mkono kwa khanga au kitambaa kifuani, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kano ikihitaji kushonwa, mapema ni rahisi kuliko baada ya miezi.

Kifua kikibana katikati, maumivu yakaenda kwenye mkono wa kushoto au taya, huku ukitoka jasho baridi, hayo si mambo ya benchi. Acha chuma, mwambie mwenzako akupeleke hospitali papo hapo.

Anayerudi baada ya kuumia, au baada ya msimu mzima wa ghalani bila kugusa benchi, aanze na nusu ya uzito aliouacha na akae hapo wiki mbili hata kama ni mwepesi. Aongeze kg 2.5 kwa wiki. Wenzake watamcheka jimuni, awaache wacheke.